Samaki malaika au samaki wa Nyasa na Tanganyika: nani akae kwenye tangi lako?

Anayetaka tangi la samaki sebuleni mara nyingi huja dukani na picha mbili kichwani. Moja ni ya samaki malaika: mwili bapa, mapezi marefu juu na chini, milia myeusi iliyosimama, mwendo wa taratibu katikati ya majani. Nyingine ni ya samaki wadogo wa njano na buluu kali wanaokimbizana kwenye mawe kutwa nzima. Hao ni mbuna wa Ziwa Nyasa. Duka linalouza hawa mara nyingi linauza na wale, matangi yamepakana, na ukiuliza kama wanaweza kukaa pamoja huenda ukaambiwa hakuna shida. Shida ipo, tena kubwa. Inabidi uchague.

Nitamwongeza wa tatu ambaye wengi hawamfikirii: samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya kombe la konokono. Kwa mtu aliyepanga chumba na sebule, huenda huyu ndiye anayemfaa kuliko wote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usianze na sura ya samaki, anza na maji yanayotoka bombani kwako. Sura inachosha au inazoeleka, lakini maji utayabeba kwa ndoo kila wiki kwa miaka yote utakayofuga.

Kila mmoja na kwao

Samaki malaika wa madukani ni Pterophyllum scalare. Kwao ni bonde la mto Amazon, huko Peru, Kolombia na Brazili, kwenye maji yanayokwenda polepole kati ya miti iliyozama na mimea. Umbo lake bapa linampitisha kwenye mizizi na matawi, na ile milia inamficha humo humo. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1823. Ana ndugu mrefu zaidi, Pterophyllum altum, wa mto Orinoco na Rio Negro ya juu, anayetaka maji laini sana (yenye madini machache) na yenye asidi. Ukiletewa huyo kwa bei kubwa na bado ni mgeni wa ufugaji, mwache apite.

Wengi wanaouzwa leo hawajawahi kuonja maji ya Amazon. Wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki, vizazi juu ya vizazi, ndiyo maana utakuta weusi tii, wa dhahabu, wenye mabaka ya marumaru, na wengine wenye mapezi yanayoburuzika kama shela la bibi harusi. Kuzaliwa shambani kumewapa jambo moja la maana kwetu: wanavumilia maji ya namna nyingi kuliko wenzao wa porini.

Mbuna ni wa Ziwa Nyasa, kwenye miamba ya pwani za Tanzania, Malawi na Msumbiji. Aina ni nyingi mno, na ziko zinazopatikana kwenye miamba michache tu, hakuna kwingine duniani. Mfano ni Chindongo demasoni, mwenye milia ya buluu hafifu na buluu ya usiku, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1994 kutoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania. Yule wa njano anayependwa na watoto, Labidochromis caeruleus, rangi yake hiyo imetoka upande wa Malawi.

Wa tatu ni Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika. Dume kubwa halizidi sana sentimita 4, jike ni dogo zaidi. Chini ya ziwa hilo yako maeneo yaliyojaa makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, na samaki huyu kayafanya nyumba. Hapa nitamwita wa kombeni.

Wote watatu ni wa ukoo mmoja, siklidi, na ukoo huo unaujua vizuri kuliko unavyodhani: ndimo walimo sato na perege unaowanunua sokoni, na furu wa Ziwa Victoria. Tabia kubwa ya ukoo huu ni kulinda. Wanalinda eneo, wanalinda mayai, wanalinda vifaranga. Karibu kila ugomvi utakaouona ndani ya tangi la siklidi umetokana na hilo.

Maji kwanza

Maji ya Nyasa ni magumu kiasi (yana madini mengi) na yana ualkali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na ualkali ambacho 7 ndiyo katikati, ni kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Tanganyika imepanda zaidi, inakaribia 9 na pengine kuivuka. Malaika ametoka upande wa pili kabisa, kwenye maji laini yenye pH kati ya 6 na 7, ingawa wa mashambani hukaa bila taabu hadi 7.5 na wengi huishi hata kwenye 8.

Kabla hujanunua vipimo, angalia jikoni. Birika likijenga ukoko mweupe ndani, na sabuni ikigoma kutoa povu hadi uimalize, una maji magumu. Birika likikaa safi miezi na povu likijaa kwa sabuni kidogo, una maji laini. Kisha ununue vipimo vya pH na ugumu uhakikishe, kwa sababu birika halisemi kiasi.

Visima vya Unguja na vya kisiwani Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, hivyo maji yake hutoka magumu. Wakazi wa Dodoma hutegemea sana visima vya Makutupora, na maji yao wanayajua. Dar es Salaam ni mchanganyiko: nyumba moja inapata maji ya mto Ruvu, jirani yake anatumia kisima chenye chumvichumvi, na samaki wa nyumba hizi mbili hawapaswi kuwa wa aina moja. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, na maji ya mito ya milimani kama hayo huwa laini. Lakini mtaa unaotumia kisima, hata Nairobi, upimwe peke yake.

Kwa hiyo mtu wa Unguja akiweka mbuna, anafungua bomba, anaondoa klorini kama ipo, basi. Akiweka malaika wa shambani wataishi, na wakiwa wazima watakua na kupendeza, ila mayai yao mengi hayataanguliwa kwenye maji magumu kupita kiasi. Kama kuzalisha ndiyo hamu yako, itakubidi uchanganye na maji ya mvua. Jambo hili si gumu kwetu, maana tenki la kukingia mvua liko kwenye nyumba nyingi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, usikinge kwenye bati lililopakwa rangi karibuni, kisha changanya nusu kwa nusu na upime. Usitumie mvua tupu, kwa sababu haina madini ya kuizuia pH isiporomoke ghafla.

Mtu wa maji laini anayetaka mbuna ana kazi ya upande huo mwingine, na ni nyepesi zaidi: mawe ya chokaa ndani ya tangi, au changarawe ya makombe yaliyokufa ndani ya filta, hupandisha ugumu polepole na kuushikilia. Matumbawe hai ya baharini yaache baharini.

Kuna jambo jingine kuhusu pH ambalo wauzaji hawaligusi, nami naliona kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Amonia ndani ya maji hukaa katika hali mbili, moja yenye madhara kidogo na nyingine sumu, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye 8.5 inavuka 10. Maana yake ni kwamba uzembe ule ule, chakula kile kile kilichozidi, tangi lile lile jipya ambalo filta yake haijakomaa, humsumbua malaika na kumuua mbuna. Anayeweka samaki wa maziwa yetu hana ruhusa ya kuharakisha. Filta inahitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaokula amonia waongezeke vya kutosha, na muda huo ama tangi halina samaki, ama lina wachache sana huku ukipima na kubadili maji mara kwa mara.

Malaika naye ana hatari yake. Kwenye maji laini sana, tangi lisilobadilishwa maji kwa muda mrefu huongezeka asidi hadi bakteria wa filta wanazorota. Robo ya maji kila wiki inatosha kuzuia hilo. Mbuna, kwa wingi wao, wape theluthi.

Nafasi: urefu, kimo na uzito

Malaika mzima ana mwili wa sentimita kama 15, lakini ukipima toka ncha ya pezi la juu hadi ncha ya pezi la chini unaweza kuvuka 20. Anahitaji tangi lenye kimo, sentimita 45 kwenda juu, na ikiwezekana 50. Akikulia kwenye tangi fupi mapezi hupinda na hayanyooki tena. Dume na jike waliokwisha kuoana wanatosheka na lita 110 au 120. Kundi la watano au sita linataka lita 200 na kuendelea.

Mbuna hajali kimo. Anachotaka ni urefu wa kukimbilia na mawe ya kujificha. Chini ya sentimita 120 za urefu na lita 200 sikushauri uanze. Mawe yapangwe juu ya kioo chenyewe au juu ya karatasi ya plastiki ngumu, mchanga umwagwe baadaye, kwa kuwa mbuna wanachimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka kwenye kioo usiku umelala.

Tangi la lita 200 lenye maji, mawe na kioo chake huvuka kilo 250. Meza ya televisheni haibebi hicho. Fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma, na chini yake pasawazishwe kwa pima maji, kwa sababu stendi iliyoinama kidogo huupa upande mmoja wa kioo mzigo wote.

Wa kombeni anaishi kwenye tangi la lita 50 au 60, urefu wa sentimita 60, juu ya kabati imara. Ndani unaweka mchanga laini wa sentimita 5 na makombe mengi kuliko idadi ya samaki. Makombe ya Neothauma si rahisi kuyapata nje ya Kigoma, ila kombe dogo la konokono wa bustanini, likichemshwa na kusuguliwa vizuri, linafanya kazi ile ile na linasaidia kuyaweka maji magumu.

Nani anaishi na nani

Malaika ana sura ya upole na watu wengi humnunua wakidhani ni mpole. Ukweli uko katikati. Kwa siku za kawaida anatulia, anakuja mbele ya kioo akikuona, anajua nani anamlisha. Lakini kila samaki anayeingia mdomoni mwake ni chakula. Wale neoni wadogo wenye mstari wa buluu na mwekundu, ambao kila duka hupenda kuwauza pamoja naye, watapendeza naye akiwa mdogo kama sarafu, na watapungua mmoja mmoja akikomaa. Muwekee kambare wadogo wa Corydoras wanaokula chini, au tetra (jamii ya hao neoni) wenye mwili mkubwa zaidi. Samaki wenye tabia ya kung'ata mapezi, hasa babi wenye milia kama ya simbamarara, usiwaweke naye kabisa.

Mbuna wawekwe na mbuna wenzao, na ukitaka wa aina nyingine, ngogo mdogo wa jamii ya Synodontis anaweza kuvumilia. Hapa kuna hesabu inayowashangaza wageni: mbuna wachache hugombana zaidi kuliko wengi. Wakiwa wanne, dume moja linamchagua mnyonge na kumfukuza hadi afe. Wakiwa 12 au 15 kwenye tangi refu lenye mawe mengi, hasira inagawanyika na hakuna anayelengwa siku nzima. Madume yawe machache, jike watatu au zaidi kwa kila dume. Usichanganye aina zinazofanana rangi, kwa sababu zitapigana zaidi na zitazaliana, na vifaranga chotara hutawapatia wafugaji wengine bila kuharibu aina halisi.

Kumweka malaika na mbuna tangi moja, hata kama maji yangewafaa wote, ni ukatili. Mapezi yake marefu yatachanwa kwa siku chache, na mwendo wake wa taratibu haumsaidii kuwakimbia.

Wa kombeni wanaishi peke yao, na hawahitaji mwingine. Kila mmoja ana kombe lake na eneo lake la mchanga. Kaa mbele ya tangi lao jioni uone jike linavyofanya usafi: linachota mchanga kwa mdomo kutoka mlangoni mwa kombe, linaogelea umbali wa vidole viwili au vitatu, linautema kwa jirani. Jirani anauchukua, anaurudisha. Wanaweza kuendelea hivyo saa nzima. Kwa macho yangu mchezo huo mdogo unapendeza kuliko rangi zote za mbuna.

Kulisha

Malaika anakula wadudu, kamba wadogo na samaki wadogo porini, hivyo punje za samaki wala nyama, na mara mbili kwa wiki kamba aliyekatwa vipande vidogo sana, vinamtosha. Viluwiluwi vya mbu anavipenda mno. Ila atakayevikuza kwenye ndoo awe makini kuvichota vyote kabla havijawa mbu; mji wenye dengi na malaria hauhitaji ndoo yako.

Mbuna wengi ni wala mwani. Kule ziwani kutwa wanakwangua utando wa kijani juu ya miamba, na utumbo wao ni mrefu kwa kazi hiyo. Ukiwapa nyama au chakula chenye mafuta mengi, tumbo linavimba, wanaacha kula, na tiba inakuwa ngumu. Wape chakula chenye spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, njegere iliyomenywa ganda. Hao wa njano hula pia wadudu, kwa hiyo hawadhuriki upesi, lakini ukiwa nao pamoja na wengine fuata mlo wa wala mwani. Wa kombeni wape chakula kile kile cha madukani, kilichosagwa kama unga.

Kuzaliana, ambako ndiko tofauti inanoga

Malaika huwezi kumtambua dume na jike kwa kumtazama akiwa mdogo, na hata mkubwa ni kubahatisha hadi siku ya kutaga. Dawa yake ni moja: nunua wadogo sita, wakuze pamoja, na wawili watajitenga wenyewe. Utawaona wanalinda kona, wanafukuza wenzao, wanasafisha jani pana au bomba la filta kwa midomo siku moja au mbili. Kisha jike linapanda polepole likibandika mayai kwa mistari, dume linapita nyuma yake likiyarutubisha. Mayai ni mamia. Wote wawili wanayapepea kwa mapezi, na yanayogeuka meupe yameharibika. Wao wenyewe huyatoa. Baada ya siku 2 au 3 yanaanguliwa, lakini vifaranga bado vimenata kwenye jani na kutikisa mikia tu, hadi siku kama 5 zijazo ndipo vinaogelea kwa pamoja, wingu dogo nyuma ya wazazi. Kuanzia hapo vinataka chakula hai kidogo sana, hasa artemia, vijikamba vya maji ya chumvi, walioanguliwa siku hiyo hiyo. Bila hicho wengi hufa.

Wazazi wachanga mara nyingi hula mayai yao ya kwanza, pengine na ya pili. Usiwatenganishe kwa hilo. Wape nafasi, punguza watu kusogea karibu na kioo, na wengi wao hujifunza.

Mbuna, kama sato, jike hubeba mayai mdomoni. Utamjua kwa koo lililovimba na taya zinazotafuna taratibu wakati hana chakula, na kila ukilisha anakaa pembeni bila kugusa. Anakaa hivyo wiki kama 3. Anapowatema, vifaranga ni vikubwa vya kutosha kula chakula cha kawaida kilichosagwa, jambo linalomfanya mbuna awe rahisi sana kumzalisha kuliko malaika. Kazi ni kuwaokoa wasiliwe na wenzao: tangi dogo la pembeni, au mawe yenye nyufa nyembamba.

Kwa wa kombeni huna cha kufanya. Jike hutaga ndani ya kombe, na siku moja unaona vitu vidogo kama nukta vimejipanga mlangoni. Wanakua hapo hapo, ndugu wakubwa na wadogo pamoja, na hawafukuzwi kama aina nyingine. Tangi lililoanza na samaki wachache linakuwa kijiji bila wewe kusogeza chochote.

Umeme, baridi na joto

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hita haihitajiki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tatizo lenu ni joto la Januari na Februari, maji yanapovuka nyuzi 30. Malaika anavumilia hadi hapo bila kelele. Mbuna waliojaa tangi wanaanza kupumulia juu, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Fungua kifuniko, elekeza feni ipige juu ya maji, ongeza pampu ya hewa.

Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe hali ni kinyume. Mwezi wa Juni na Julai maji ya tangi lisilo na hita yanashuka chini ya nyuzi 20. Wote watatu wanataka kati ya 24 na 27, malaika hata 28, hivyo hita ni lazima, kama wati 1 kwa kila lita. Malaika akipata baridi, kinachofuata mara nyingi ni madoadoa meupe kama chembe za chumvi mwilini. Kupandisha joto taratibu hadi 30 pamoja na dawa ya duka hutibu, ukiwahi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, tangi la kwanza kuumia ni la mbuna, kwa ajili ya msongamano. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe ndani ya nyumba kabla ya siku hiyo kufika, na wakati wote wa giza usilishe. Bakteria wa filta nao wanahitaji oksijeni. Kama filta ya mtungi imelala saa kadhaa, ifungue usuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, la sivyo itasukuma uchafu uliooza moja kwa moja kwa samaki. Kwa mitaa inayokatikakatika umeme, filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inaniridhisha moyo kuliko mashine za bei kubwa.

Ningemshauri nani nini

Maji yako yakiwa laini au ya kati, una ukuta wenye nafasi ya tangi la kimo, na unataka kitu cha kukutuliza ukitoka kazini, chukua malaika. Atakaa nawe miaka hata 10, na mtoto wa nyumbani atakua akimjua kwa jina. Gharama kubwa itakuwa tangi na mimea, kisha mambo hutulia.

Maji yakiwa magumu, na unataka rangi na mwendo usiokoma, chukua mbuna, lakini jipe ahadi ya kupima maji na kubadilisha bila kuruka wiki. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara na kumwachia mtu mwingine alishe, simshauri mbuna. Huyo mlishaji atatupa chakula kingi, na umeshaona kinachofanywa na amonia kwenye pH 8.5.

Maji magumu na nafasi ndogo: wa kombeni, bila kusita. Maji laini na nafasi ndogo: bado wa kombeni, ukiwawekea chokaa. Siyo rahisi kuwapata kila duka, na rangi yao ya kijivu yenye milia haimvutii anayepita haraka. Hata hivyo, kati ya watatu hawa, ndio wanaonyesha maisha yao yote mbele yako kwenye tangi linaloenea kabatini.

Kama umeegemea malaika na maji yako ni magumu, usikate tamaa. Nunua wa shambani, tena waliozaliwa na kukuzwa kwenye mji wako. Wameshazoea maji hayo hayo. Usihangaike kuishusha pH kwa dawa za chupa. Maji magumu huirudisha ilipokuwa baada ya siku, na kupanda na kushuka huko kunamchosha samaki kuliko pH iliyo juu na imetulia.

Dukani

Mwambie muuzaji awalishe ukiwa umesimama hapo. Malaika mzima wa afya hukimbilia chakula. Aliyejikunja kona mapezi yamefungwa, mwenye tumbo lililobonyea au kinyesi cheupe chembamba kinachoning'inia, mwache. Chagua wenye mwili wa ukubwa wa sarafu, mapezi yamenyooka, macho hayajawa makubwa kupita mwili, kwa sababu jicho kubwa kwenye mwili mdogo ni dalili ya aliyedumaa. Kwa mbuna, tazama tumbo lisivimbe, na uulize jina la aina. Muuzaji akikujibu "mchanganyiko wa Afrika" ujue wengi ni chotara. Wageni wote wakae kwenye tangi la pembeni wiki 2 au 3 kabla ya kuungana na wengine.

Na siku ukiamua kuacha kufuga, au vifaranga vimekuzidi, rudisha dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimwachie samaki mto wala ziwa, hata kama ni samaki wa maziwa yetu. Mbuna wa ufuko mmoja wa Nyasa akipelekwa ufuko mwingine ni mgeni kule, na hilo limeshatokea Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, ambako aina zilizoletwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo zilibaki na kuzaana. Wakazi wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Kisumu wanakumbuka furu walivyokwisha baada ya sangara kuingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950.